Kikohozi cha Zimwi

Mzee aliomba kipande cha sabuni ya kufulia, na muuza duka, mtu mzima mwenye ndevu zake na watoto wake, akaangusha mzani.

"Samahani, mzee wangu," alisema huku akiinama kuuokota. "Ni hiyo sauti. Nilipokuwa mdogo nililowanisha godoro kwa sababu yako."

"Pole sana," mzee alimjibu, kwa unyenyekevu wa mtu ambaye mbuzi wake ameingia shamba la jirani.

Alishazoea. Mtaani walimwita Zimwi, na hakuna aliyemwita hivyo kwa ubaya. Kabla hajastaafu, kazi yake ilikuwa kuwasemea wabaya katika katuni moja ya upelelezi iliyoitwa Binamu na Bata. Picha zilitoka ng'ambo zikiwa na lugha ya wenyewe, na yeye na wenzake ndio waliozivika Kiswahili. Kila kipindi kilikuwa hivyohivyo: binamu wanne, pamoja na bata wao aliyeogopa maji, wanafika mahali penye zimwi linalotisha watu; wanalifukuza, linawafukuza, mwishowe linanaswa na kuvuliwa kinyago. Ndani yake anatoka mtu wa kawaida kabisa, nywele zimemsimama. Mtu huyo anakohoa kidogo, anasema, "Haya. Ni mimi," kisha anaeleza kila kitu bila hata kuulizwa. Sauti ya zimwi ilikuwa ya mzee, na ya mtu aliyekuwa ndani ya zimwi ilikuwa yake pia.

Basi mtu huyo aliyewanyima watoto wa watu usingizi alirudi nyumbani polepole na sabuni yake kwapani. Nyumbani kwenyewe kulikuwa kwa bintiye, fundi cherehani, ambaye alimchukua akae naye tangu mke wa mzee alipofariki. Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa karakana. Kulikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia, marobota ya kitambaa cha sare za shule, na wateja waliokuja kupima wakaishia kukaa na kupiga soga. Mzee alikuwa na kigoda chake karibu na dirisha. Kazi yake ilikuwa kushona vifungo na kufumua mishono iliyokwenda kombo, na mtu asije akadhani alipewa kazi hiyo ili asijisikie mpweke. Bintiye alikuwa na haraka, na haraka yake ilizaa mishono mingi ya kufumuliwa.

Mzee aliipenda nyumba ile kwa sababu moja, nayo ilikuwa kelele zake. Aliipenda cherehani ikikimbia na mkasi ukila kitambaa. Aliwapenda akina mama wanaobishana kama sketi ni ndefu au mtoto ndiye mfupi. Hakuwahi kumwambia mtu jambo hilo, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Maana familia nzima iliamini kwamba mzee anataka kimya. Haikuwa imani ya bure. Watoto wake wawili walipokuwa wadogo, baba alirudi kutoka kazini kichwa kinamnguruma, na mama yao aliwavua viatu mlangoni ili wasipige kishindo. Kijiko kikianguka, wote walikodoa macho. Walikua wakijua kwamba baba na kimya ni kitu kimoja, na hakuna aliyerudi baadaye kuwaambia kwamba hayo yamekwisha. Mkewe alipokuwa hai, kimya kilikuwa kitamu kwa sababu alikuwamo ndani yake, akikunja nguo au akichambua mchele chumba cha pili. Alipoondoka, kilichobaki kilimla mzee polepole, na alikiogopa kuliko watoto walivyoliogopa zimwi lake.

Mwanawe wa kwanza alikuwa mjenzi. Mwezi ule alikuja na habari aliyoibeba kama keki: amemjengea baba chumba. Kiko nyuma ya nyumba yake, kuta nene, dirisha la vioo viwiliviwili, na mkewe amenunua mapazia mazito.

"Baba, ukifunga mlango, hata mbwa wa jirani humsikii," alisema, na uso ulikuwa unamng'aa kwa furaha. "Utapumzika sasa. Hizi cherehani zimekutesa vya kutosha."

Mzee alitaka kusema kitu. Akakohoa.

Bintiye akasimama mara moja, akamletea glasi ya maji. "Kunywa, Baba. Vumbi la vitambaa hilo."

Akanywa. Mtu akishamaliza kunywa maji aliyoletewa kwa upendo, atasema nini zaidi ya asante? Akasema asante. Mwanawe akaidaka asante ile kwa mikono miwili, akadhani ni ya chumba, na wakapanga kwamba Jumamosi atakuja kumchukua.

Tangu siku ile cherehani ya binti ilikimbia kwa namna nyingine. Aliisukuma hadi sindano zikavunjika. Mzee, mtu aliyechuma riziki yake kwa sauti na masikio, alisikia hasira ndani ya mlio ule, akaitafsiri kwa namna yake: amechoka nami, anahesabu siku niondoke apate nafasi ya kuweka marobota. Iliumiza sana. Alikaa kwenye kigoda chake, akashona vifungo kwa bidii ya mtu anayetaka kukumbukwa vizuri.

Alhamisi alasiri mjukuu wake, binti wa huyo fundi, alirudi kutoka chuoni alikokuwa anasomea uuguzi. Aliingia na simu mkononi na kicheko mdomoni.

"Babu, leo umekamatwa. Huna pa kukimbilia."

"Nimeiba nini tena?"

"Hujaiba kitu, na hilo ndilo linalowashangaza watu. Sogea huku usikie."

Ilikuwa video. Kijana mmoja mwenye miwani alikuwa amekaa mbele ya kamera, anazungumza kwa uzito wa mtu anayetangaza msiba. Alisema ameitazama upya katuni ya Binamu na Bata, kipindi baada ya kipindi, na amegundua jambo ambalo wote tulilikosa utotoni. Wale wabaya hawakuwa watu wengi. Mwenye hoteli ya mlimani, nahodha mstaafu, daktari wa meno, mlinzi wa jumba la sanamu, wote ni mtu mmoja, anayehama mji hadi mji akibadilisha kofia na masharubu. Binamu wale, pamoja na akili zao zote, wamekuwa wakimkamata bwana yuleyule miaka nenda miaka rudi. Kijana aliamini kwamba bata peke yake ndiye aliyejua, ndiyo maana kila kinyago kilipovuliwa aligeuka akatazama pembeni kama mtu aliyekutana na mdai wake harusini.

Mjukuu alikuwa amevunjika mbavu. Mzee alikuwa amevimba.

"Mpuuzi huyu! Mwenye hoteli nilimsemea puani. Nahodha nilijaza pamba mashavuni mpaka nikakaribia kupaliwa. Daktari wa meno nilimsemea nimeinama, kichwa chini, damu imenijaa usoni, ili atoke na kile kisauti cha kubanwa. Leo mtoto wa jana aniambie ni mtu mmoja!"

"Sikiliza ushahidi wake kwanza, Babu."

Ushahidi ulikuwa kikohozi. Kijana alikuwa amekata vikohozi vya wabaya wote, akaviunga kimoja nyuma ya kingine. Kh-khm. Kh-khm. Kh-khm. Kilikuwa kifupi, cha vipande viwili, cha pili kikishuka chini kidogo. Pua zilibadilika, mashavu yalibadilika, lakini kikohozi kilikuwa kilekile toka cha kwanza hadi cha mwisho.

Hasira ikamwisha mzee palepale. Alikuwa anaisikia sauti yake ya ujanani, na mara akaiona studio nzima: chumba cha ghorofani juu ya duka la viatu, kuta zimetundikwa magodoro makuukuu ili kuzuia mwangwi, na maikrofoni moja ambayo waigizaji wote waliizunguka kama watu wanaoota moto. Walirekodi kipindi kwa mkupuo mmoja. Ukikosea, mnarudi mwanzo wote, na wenzako wanakutazama kwa macho ambayo hutayasahau. Sasa maneno yalichapwa kwenye karatasi ngumu iliyopiga kelele ukiigusa, na mbaya alikiri makosa yake kwenye ukurasa wa mwisho siku zote. Kwa hiyo kila kipindi, katika kimya kile kizito baada ya kinyago kuvuliwa, mzee alilazimika kufungua ukurasa, na karatasi ikalia kwaraa! Msimamizi wao alishika kichwa. Ndipo mzee alipobuni kikohozi. Alikohoa huku akifungua, na kikohozi kikaifunika karatasi.

"Acha hivyohivyo," msimamizi alimwambia. "Inaonekana kama mtu anayeona haya."

Alimweleza mjukuu wake hayo yote, na mjukuu akapiga makofi. "Kumbe! Kijana wa watu amejenga nadharia nzima juu ya karatasi! Basi ngoja umalizie, maana amefika mbali zaidi."

Kijana wa miwani alikuwa amesogea karibu na kamera. Sasa jiulizeni, alisema, bwana huyu alikuwa anatafuta nini? Hakuiba dhahabu, hakumpiga mtu, hata bata hakumgusa. Kila mara tunamkuta kwenye jengo lenye vyumba vingi, anawatisha watu waondoke, naye abaki. Mimi nasema alikuwa anatafuta mahali pa kukaa. Mtu mzima anashona vazi zima la zimwi, anapaka rangi inayong'aa, anatega kamba kwenye dari, anajifunza kulia kama upepo, na kazi yote hiyo ni kwa sababu hawezi kubisha hodi akasema, naomba chumba. Jamani, si angeomba tu?

Hapo video iliishia, na watu chini yake walikuwa wameandika vicheko vyao.

Mzee hakucheka. Alilishika mapajani shati la shule alilokuwa akilishonea vifungo, sindano imening'inia kwenye uzi. Alikuwa amewasemea watu wale maisha yake yote ya kazi na hajawahi kujiuliza walitaka nini; alijua tu wakohoe wapi. Na huyu mtoto, ambaye alikuwa anatania, alikuwa ameingiza mkono ndani ya kifua cha mzee na kutoa kitu ambacho mwenyewe alikuwa amekificha vizuri. Si angeomba tu. Lakini kuomba nako kuna kazi yake. Ukiomba unaweza kunyimwa, na baba akinyimwa na mwanawe ataficha wapi uso? Ni rahisi zaidi kusema, "Mimi popote tu, wanangu." Sentensi hiyo ndiyo iliyokuwa kinyago chake, na alikuwa amekivaa vizuri kiasi kwamba hata wanawe hawakuona uzi uliokishikilia.

"Babu, umekasirika?" mjukuu aliuliza.

Mzee alimtazama. Huyu angeweza kumwambia ukweli wake. Kh-khm, akakohoa.

"Mpe babu yako maji!" mama alipaza sauti kutoka kwenye cherehani, bila hata kugeuka.

Mjukuu akaenda, akarudi na glasi. Mzee akanywa, akamrudishia, akasema asante. Msichana alibaki amesimama na glasi tupu, amekunja uso kidogo, kama mtu aliyesikia wimbo anaoufahamu ila hakumbuki aliusikia wapi.

Jumamosi ikafika. Mjenzi alikuja na gari alilolifuta vumbi mwenyewe. Begi la mzee lilikuwa mlangoni, na juu yake kigoda, maana bintiye alisema kiende naye. Cherehani zote mbili zilikuwa zimefunikwa mashuka. Wateja walikuwa wameambiwa wasije. Familia ilikaa katika chumba cha mbele kumuaga baba, wote wamevua viatu, na kwa mara ya kwanza tangu mzee ahamie pale, nyumba ilikuwa kimya. Walimfanyia hivyo kwa heshima. Mzee alihisi kama amefunikwa shuka na yeye.

Mjenzi alizungumza. Alimshukuru dada yake kwa kumtunza baba, akaeleza tena habari za vioo na mapazia, akasema sasa ni zamu yake na amejiandaa. Alikuwa mwana mwema, na wema wake ndio uliomziba mzee mdomo. Dada yake alitazama mikono yake mwenyewe. Macho yake yalikuwa mekundu, naye alisema ni vumbi.

"Baba," mjenzi alimalizia, "una neno kabla hatujaondoka?"

Mzee alifikiria kusema popote tu. Neno lilikuwa tayari ulimini, limelainika kwa kutumiwa. Halafu akamkumbuka bwana yule wa hoteli na kamba zake na rangi zake, anapanda darini kwa shida ili asiulize swali moja. Ghafla alimwonea huruma sana.

Kh-khm.

Bintiye alikuwa ameshasimama. Glasi ilikuwa imewekwa tayari juu ya meza ya kukatia. Alijua baba yake atakohoa tu. Alikuwa amevuka nusu ya chumba mjukuu alipomshika mkono.

"Mama, ngoja. Usimpe."

"Niache, babu yako anapaliwa!"

"Hapaliwi," msichana alisema. "Anafungua ukurasa. Mwacheni aseme."

Hakuna aliyemwelewa, lakini kwa mshangao wote walinyamaza, na glasi ikabaki njiani. Mzee aliwatazama mmoja mmoja. Hakukuwa na maji ya kunywa wala asante ya kusema. Kulikuwa na nafasi tupu mbele yake, na alijua vizuri sana neno gani hukaa hapo.

"Haya," alisema. "Ni mimi."

Mjenzi alitaka kucheka, kisha akaona uso wa baba yake, akaacha.

"Mimi ndiye nisiyetaka kuondoka. Mwanangu, chumba chako ni kizuri, na mimi nakiogopa. Nimefanya kazi maisha yangu yote katikati ya magodoro. Kimya nakijua, na tangu mama yenu aondoke sikiwezi. Napenda kelele za hapa. Napenda hizo cherehani. Nawapenda hata wale akina mama na sketi zao." Akamgeukia bintiye, na hapa sauti iliyotisha watu wazima ikawa ndogo kabisa. "Kama nimekuchosha, niambie, nitakwenda. Ila kama hujachoka, naomba chumba."

Bintiye alitikisa kichwa, mara nyingi, kwa nguvu, mpaka kitambaa cha kichwani kikamlegea.

"Mimi nilidhani unazikimbia kelele zangu," alisema hatimaye. "Nimeshona wiki nzima nalia, Baba. Sare za watu zote zimekwenda upande."

"Nilisikia," mzee alisema. "Nikaelewa vibaya."

Mjenzi alikuwa ameinamisha kichwa. Ilimuuma, na hakuficha kwamba imemuuma. Alikuwa amejenga kuta zile kwa mikono yake, jioni baada ya kazi za watu. "Baba," alisema, "wiki nzima hii. Mbona hukusema?"

"Nilisema, mwanangu. Kila niliposema mlinipa maji."

Kisha mjenzi akasugua uso kwa viganja vyote viwili, akacheka kicheko chenye machozi ndani yake, akasema kwamba basi chumba kile atalala yeye, maana wanawe wamemtoboa masikio. Akanyanyuka, akabeba begi, akalirudisha ndani bila kuambiwa.

Fundi alikuwa bado amesimama katikati ya chumba na glasi yake. Aliitazama kana kwamba haijui. Akaiinua, akayanywa maji yote mwenyewe, mpaka chini, kisha akaenda kufunua cherehani.

"Baba," alisema, amempa mgongo, akiutafuta uzi, "kuna mashati hapa hayana vifungo."